Fundi Aliyepima Kulia na Kushoto

Mafundi wengine humzungushia mteja utepe mara moja kifuani, wakaandika, kazi ikaisha. Fundi wetu hakuwa hivyo. Alipima upande wa kulia, kutoka katikati ya kifua hadi ubavuni, kisha akapima wa kushoto. Vipimo vyote viwili aliviandika katika daftari pamoja na tarehe.

"Kwani mimi nimepinda?" wateja wapya walimuuliza.

"Hujapinda. Waliolingana ni wachache. Hata mimi, titi la kushoto limezidi tangu usichana."

Palipopungua aliweka sponji kidogo. Blauzi zake zilimkaa kila mtu vizuri, na hakuna aliyejua siri.

Alipofikisha miaka hamsini, binti yake alimpeleka hospitali kupiga mamogramu, yaani picha ya matiti ya kutafuta saratani mapema. Fundi hakuwa na maumivu wala uvimbe. Alikubali kwa sababu dada yake mkubwa, aliyemlea, alikufa kwa saratani ya titi miaka mitatu nyuma.

Baada ya wiki moja simu ikaja. Picha ilionyesha matiti yake hayalingani. Alitakiwa arudi kwa vipimo zaidi.

Fundi hakurudi. Aliona yamekwisha. Alianza kukunja vitambaa vya wateja na kuvirudisha bila kuvikata.

"Mama, twende," binti alimsihi kila asubuhi.

"Niende nikaambiwe nini? Dada si alienda? Alipona?"

Siku moja mteja alikuja kuchukua gauni lake. Alikuwa mpiga picha wa hospitali ileile, na mtaani walimwita Mama Eksirei. Alikuta gauni bado ni kitambaa. Binti akamweleza yote.

"Fundi, vifua vya mtaa huu unavijua kuliko mimi," Mama Eksirei alisema. "Wangapi wanalingana?"

"Karibu hakuna."

"Basi. Wanawake wengi wazima wana tofauti, na picha huionyesha. Kuitwa tena si kuambiwa una saratani. Wengi tunaowaita tena hukutwa wazima. Tunataka kujua kama tofauti ni ya zamani au imeanza juzi. Ya zamani isiyobadilika, mara nyingi haina neno. Lakini titi moja likianza kukua au kusinyaa ukubwani, ngozi ikibonyea, chuchu ikiingia ndani au ikitoa damu, hapo usingoje. Hata kama haliumi."

"Yangu ni ya zamani. Imo kwenye daftari."

"Njoo nalo. Ila daftari halioni ndani. Lazima tupige picha nyingine."

Fundi alienda na daftari lake. Walipiga picha nyingine, wakapitisha kifaa cha ultrasaundi juu ya titi la kushoto. Daktari akamwambia ni mzima. Titi lake lilikuwa hivyo kwa maumbile tu. Aendelee kuja kuchunguzwa kila muda wake ukifika. Binti alilia kwa furaha palepale kwenye benchi.

Fundi hakulia. Maneno ya Mama Eksirei yalikuwa yamemkaa rohoni. Alipofika nyumbani alifungua daftari kwenye ukurasa wa dada yake. Kwa miaka kumi, kulia na kushoto vilikuwa sawa. Kisha mwezi wa tatu, kulia kumepungua nusu inchi. Mwezi wa sita, inchi nzima. Mwezi wa tisa, inchi moja na nusu. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na maneno mawili: ongeza sponji.

"Mama, hukujua," binti alisema.

"Nilijua. Nilipima kwa mikono hii. Alisema, 'Mdogo wangu, ziba tu, nimekonda.' Nikaziba, nikajisifu kwamba haionekani."

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja kukaa. Fundi alipoteza usingizi, akapoteza hamu ya chakula. Kuwa mzima kulimuumiza kuliko ule ugonjwa aliouogopa.

Lakini kazi aliibadili. Tangu hapo, kabla ya kukata kitambaa hulinganisha kipimo kipya na cha zamani. Mwezi wa tano wa utaratibu huo akaja mwalimu wa shule ya jirani. Upande wake wa kushoto ulikuwa umepungua inchi moja ndani ya miezi minne. Mwalimu aliomba sponji.

"Sikuwekei," Fundi alisema. "Nenda hospitali kwanza. Nguo utaikuta."

"Mimi nimekuja kushona, sikuja kutibiwa."

Mwalimu alitoka amenuna. Fundi alizima cherehani, akamfuata hadi barabarani, akamshika mkono, hakumwachia mpaka mlango wa Mama Eksirei hospitalini.

Ilikuwa saratani, lakini ndiyo kwanza inaanza. Mwalimu alitibiwa mwaka mzima. Sasa amerudi darasani, na daktari anamwambia hali yake ni nzuri. Juzi alikuja kumshukuru Fundi.

"Kipimo chako kimoja tu kimeniokoa," alisema.

Fundi alitazama chini.

"Dada yangu alinipa vitatu."