Mara Mbili, Twende

Anayetaka kucheka aende akacheke nje. Mimi si mtu wa kuamini ovyo. Mimi ni Yarrow, fundi wa magari hapa Aston, na kwa miaka ishirini na mbili gari likiugua naufuata ugonjwa wake mpaka kwenye nati. Majini niliwaachia wenye kazi yao.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, mwaka wa 2006. Birmingham mwezi huo, saa kumi alasiri jua limeshazama. Nilikuwa nafunga gereji nikale, njaa inaniuma, shemeji yangu Tahlil akaingia bila hata salamu.

"Nimepata basi," akasema. "Twende Kingstanding ukalitazame."

"Kesho."

"Kesho atachukua mwingine. Leo, Yarrow."

Tahlil amemwoa dada yangu mdogo, Leyla. Wakati huo walibanana na mabinti wao wawili katika chumba kimoja kule Shard End. Ukuta una ukungu mweusi, na yule mdogo anakohoa usiku kucha. Tahlil alikuwa amepania kununua basi kuukuu, alitie vitanda na jiko, wahamie humo. Leyla alikubali kwa sharti moja tu: mimi nilikague. Nikisema zima, watoto wataingia. Nikisema bovu, hawaingii.

"Nataka neno lako, kaka," aliniambia. "La Tahlil silitaki. Yeye akishapenda kitu haoni tena."

Basi lilikuwa uani kwa mzee mmoja Mkenya, jina lake Bethuel. Lilikuwa la viti thelathini, jeupe, kuukuu lakini limetunzwa. Alikuwa akilitumia kuwapeleka kazini watu wanaotunza wazee. Nyuma alishaanza kuligeuza nyumba: aling'oa viti, akapiga ukuta wa mbao wenye mlango. Ukikaa kule nyuma dereva hakuoni.

Alinirushia funguo. Mkono hakunipa.

"Lina shida gani, mzee?"

"Mimi nauza. Sielezi."

"Mimi fundi, nitaona tu."

"Basi ona." Akaenda kusimama langoni, mbali. Nilimwita mara mbili aje atufungulie boneti. Hakuja.

Nikalala chini ya basi na tochi. Tahlil akakaa kwenye usukani akiuchezesha kushoto, kulia, kushoto, nami nikishika kiungo kimoja kimoja kuona kama kimelegea. Ndivyo unavyoupima usukani: mmoja juu, mmoja chini.

Hakuna kilicholegea. Viungo vipya. Pini za magurudumu ya mbele mpya. Boksi la usukani jipya, rangi ya dukani bado inang'aa. Nikashtuka kidogo. Hakuna mtu anayebadilisha usukani mzima mzima namna ile ila ana kitu anakitafuta na hakipati.

Na kulikuwa na harufu... ya nywele zilizoungua, na udongo uliolowa.

Nikajiambia ni breki.

"Haya," nikamwambia Tahlil, "sasa tulipeleke barabara kuu. Lugha ya basi utaisikia likikimbia, likisimama halisemi kitu."

Hapa lazima niwaeleze jambo. Zamani, kabla hatujaja Uingereza, Tahlil aliendesha basi la Garissa kwenda Nairobi na mimi nilikuwa utingo wake. Injini zile hazikuruhusu maneno, kwa hiyo tuliongea kwa kugonga bodi. Ukigonga mara moja, simama. Ukigonga mara mbili, twende. Dereva haulizi, hageuki. Akisikia, mguu unafuata wenyewe. Miaka ishirini na mitano imepita, na bado tulikuwa hivyo.

"Nitakaa nyuma nisikilize ekseli," nikasema. "Nikigonga moja, unajua."

"Bado una kiganja cha utingo wewe, mwili huo?" akanitania.

"Nyamaza uendeshe."

Tukaingia barabara kuu ya M6, taa zote zimewaka. Nilikaa sakafuni nyuma ya ule ukuta wa mbao, gizani, sikio chini. Maili arobaini kwa saa, basi limetulia kabisa. Arobaini na tano, limetulia.

Hamsini.

Likavuta kulia. Si kuvuta kwa tairi lisilo na upepo, hilo nalijua. Hili lilikuwa linavuta, linaachia. Linavuta... linaachia. Kama watu wawili wanaogombania usukani.

Nikanyanyua mkono nigonge asimame. Kabla sijagonga, nikasikia.

Ko. Ko.

Mara mbili. Chini ya sakafu, pale pale sikio langu lilipokuwa.

Basi likaongeza mwendo.

Nikagonga mara moja, kwa nguvu zote.

Ko. Ko.

Likaongeza tena. Lori likatupigia honi ndefu upande wa kulia. Nikagonga moja! Moja! Na kila nikigonga moja, kile kitu kinanijibu mbili, upesi, bila wasiwasi wowote, kama mtu mwenye basi lake. Harufu ya nywele ikajaa humo ndani mpaka machozi yakanitoka. Walahi nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuijua. Nikatambaa mpaka kwenye mlango wa mbao, nikausukuma, nikapiga kelele, "Simamisha! Simamisha, wewe!"

Tahlil akalisogeza kwa shida, tukasimama kwenye ukingo wa barabara, pale wanapoegesha magari yaliyoharibika. Jasho linamtiririka.

"Sasa mbona ulikuwa unasema twende?"

"Sikusema."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Mbili, mbili, mbili!"

"Si mimi, Tahlil."

Akanitazama vibaya. "Shuka utazame chini. Kuna kitu kimelegea kinagonga bodi. Injini siizimi, betri mbovu, tutalala hapa."

Nilishuka. Kosa la kipumbavu, najua. Kuingia chini ya basi linalounguruma ni jambo ambalo ningemfukuzia kazi fundi wangu yeyote. Lakini lile neno la Tahlil nilitaka liwe kweli. Nilitaka nikute bomba limelegea, nilikaze, nicheke, niende nikale. Nikajivuta kwa tumbo mpaka kichwa kikawa nyuma ya tairi la mbele. Nikamulika.

Hakuna bomba.

Chini ya sakafu ya basi kulikuwa na vumbi na matope ya miaka. Ila sehemu mbili zilikuwa zimesuguliwa zikawa safi, bati linang'aa. Ukubwa wa kiganja. Zote mbili.

Mtu hawezi kukaa pale. Hapana nafasi.

Ndipo nikasikia, juu ya uso wangu. Sikuona mkono. Nilisikia tu.

Ko. Ko.

Pshhh... breki zikaachia upepo. Tairi likageuka.

Sijui nilivyotoka. Najua koti lilinaswa likachanika hadi kwapani, najua tairi lilipita pale shingo yangu ilipokuwa. Nilikimbia pembeni ya basi nikipiga mlango kwa ngumi mpaka Tahlil akasimama. Nilipoingia, ndiye aliyekuwa na hasira.

"Umegonga mara mbili!"

"Nilikuwa chini ya tairi, mwendawazimu wewe!"

"Ndiyo! Umegonga ukiwa huko chini, unitie kiwewe nisilinunue!" Sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Hutaki Leyla atoke pale. Unapenda tubaki hivyo hivyo, tuje kwako tukuamkie, tule sahani zako. Nilikujua zamani, Yarrow."

Ningempiga. Nikaikunjua ngumi. Nikakaa kiti cha mbele kando yake, turudi kwa barabara za ndani, polepole, nami nikimtazama mikono njia nzima ili asije akasema tena ni mimi. Hapakugongwa kitu.

Uani, Tahlil akabaki ndani ya basi anapima kwa hatua vitanda vitakaa wapi. Bethuel akalitazama koti langu.

"Uliingia chini," akanong'ona.

"Niliingia."

"Na ukatoka." Alisema hivyo kwa kinyongo, kana kwamba nimemnyima kitu. "Mdogo wangu Mugo aliingia chini, ukingoni mwa M6. Nikasikia mara mbili. Nikaondoa gari."

Nikauliza, "Kwa hiyo ni Mugo anayegonga?"

"Mugo aliingia kumtafuta anayegonga."

"Na bado unaliuza? Kwa watu wenye watoto?"

"Nimebadilisha kila chuma kilichomo humo. Nimeombewa. Unataka nikae nalo mpaka lini?" Akatema mate chini. "Lichukueni, mniondokee."

Nikampigia Leyla pale pale. Tahlil alikuwa ameshaniwahi.

"Usiniletee habari za majini," akaanza kabla sijafungua mdomo. "Ameniambia utasema hivyo. Mtoto amekohoa damu leo, kaka. Sitaki hadithi. Nakuuliza kama fundi: usukani una kasoro, ndiyo au hapana?"

"Leyla, sikiliza, kuna kitu humo..."

"Ndiyo au hapana?"

Nikatazama lile basi. Kiungo kwa kiungo nilikuwa nimekishika kwa mikono hii. Miaka ishirini na mbili, na sijawahi kuliita bovu gari ambalo sikuona ubovu wake. Watu wanakuja kwangu kutoka mitaa ya mbali kwa sababu hiyo tu.

"Hapana," nikasema. "Usukani ni mzima."

"Basi. Umesema." Akakata simu.

Neno moja la uongo lingetosha. Ningesema boksi limekwisha, chasisi imepinda, chochote, na Leyla angenielewa bila swali la pili. Sikusema, kwa kiburi cha kazi. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Walilichukua. Tahlil alikataza nisikanyage kwake. Nilimwendea Leyla mara mbili, mara zote nilifunguliwa nusu ya mlango.

Wiki ya nne, Jumapili, giza ndiyo kwanza linaingia, simu yangu ikalia gerejini. Ilikuwa Leyla. Nyuma ya sauti yake nikasikia injini ile.

"Kaka, hata kama mmegombana na mwenzako, hivi ndivyo watu wanavyofanya?"

"Vipi? Mko wapi?"

"Unatuuliza tuko wapi? Tuko M6, tunampeleka mtoto kwa shangazi yake Sahra apate hewa nzuri. Tahlil amekasirika sana. Anasema toka uje mbele kama mtu mzima, uache kujificha huko nyuma unagonga."

"Leyla. Mimi niko Aston. Niko gerejini. Mwambie asimame."

"Wacha mchezo, kaka. Hapa hapa tunakusikia."

"Mwambie asimame! Wasichana wako wapi?"

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kunisamehe.

"Walifurahi waliposikia ni wewe. Wamekimbilia nyuma kukusalimia."

Nikasikia mlango wa mbao ukijifunga. Halafu nikasikia, wazi kabisa ndani ya simu, mara mbili. Na injini ikaongeza.