Kituo Kisicho na Abiria

Kila siku baada ya shule, Zulaikha alipitia ofisi ya mjomba wake, Abdul-Latif, katika mtaa wa Nakasero. Alifagia, kisha akasoma kwenye kompyuta. Nyuma yake aliketi bibi yake Fatumah, ambaye wote walimwita Haboba, yaani bibi, akisuka sinia ya ukindu.

Haboba na wenzake wanane walikuwa wamealikwa Ureno kuonyesha sinia zao katika miji miwili na kijiji kimoja cha milimani. Mjomba angewasindikiza, na Zulaikha, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua usafiri. Gari la kukodi lilikataliwa mapema.

"Kule watu huendesha upande wa kulia," alisema mjomba, "na mimi hata huu wa kushoto bado unanishinda."

Basi lilizunguka milima kwa saa sita, na magoti ya Haboba yasingevumilia. Zulaikha akachagua treni. Alikuwa ameiona ikipita kando ya mto katika kitabu cha picha kilichonunuliwa soko la Nakivubo.

"Umehakikisha inafika mpaka kijijini?" mjomba aliuliza.

"Nimehakikisha, mjomba."

Hakuwa amehakikisha. Kitabu chenyewe kilichapishwa kabla mama yake hajazaliwa.

Alhamisi, mawingu yalitia giza saa kumi jioni. Mjomba alikuwa ametoka. Saa kumi na moja angerudi kuwatumia wenyeji wao wa Ureno ratiba ya safari. Zulaikha akafungua mtandaoni picha za kituo cha mwisho cha treni, kile cha kijijini.

Saa ya ukutani haikuwa na mishale. Madirisha yalizibwa kwa matofali. Mti ulikuwa umeota katikati ya reli. Alisogeza picha mbele, tena na tena, asione mtu.

Kisha akamwona mwanamke mzee benchini, amejitanda shuka, ameinamisha kichwa.

"Ni picha tu," Zulaikha alijiambia.

Mikono ya yule mwanamke ikasogea.

Zulaikha aligeuka upesi. Haboba alikuwa palepale, akisuka. Taswira yake ndiyo iliyoangukia kwenye kioo cha kompyuta.

"Mbona umeshtuka, mjukuu wangu?"

"Nimekuona kule, Haboba. Unangoja treni, na haiji. Sikuhakikisha. Nilimdanganya mjomba."

Haboba alimpa simu. Zulaikha akampigia mjomba na kumwambia yote, kisha akawaandikia wenyeji mwenyewe. Asubuhi jibu likaja: treni siku hizi huishia mji wa pili, na kutoka hapo kuna basi dogo linalochukua saa moja tu kufika kijijini.

"Kumbe ungetuacha tuote mizizi pamoja na ule mti," mjomba alimtania ofisini jioni hiyo.

Haboba hakucheka. Alikuwa akifumua sinia yake, mzunguko baada ya mzunguko.

"Kwa nini, Haboba? Ni nzuri."

"Nilikosea katikati. Kosa ukilikiri mapema, unafumua kidogo. Ukilificha, unaendelea kulisuka, na siku moja litamwangusha mwingine aliyekuamini. Jana ulifumua, mjukuu wangu. Ilikuuma, lakini ulifumua."

Kabla ya kuzima kompyuta, Zulaikha alikitazama tena kile kituo. Benchi lilikuwa tupu.