Jiwe la Dirisha la Ruothild

Jiwe lilikuwa linatoka jasho. Gerlint aliligusa chini ya mto wa bintiye, akajifuta mkono kwenye gauni, akajiambia ni ukungu tu.

Alikuwa amelichomoa kwenye dirisha la Ruothild, mtawa aliyefungiwa kwa mawe katika chumba kidogo ukutani mwa kanisa miaka ishirini, kwa hiari yake, asitoke mpaka afe. Gerlint ndiye aliyempelekea mkate. Ruothild alipokufa, kijiji kizima kikamwita mtakatifu, kikaubandua ukuta wa chumba chake: huyu chokaa ya kutia kwenye bia ya mgonjwa, yule kokoto ya kulinda mifugo zizini. Gerlint naye angefanyaje, na Imma wake anaungua homa?

Asubuhi homa ikaisha. Mchana Imma akamrarua mbuzi koo kwa meno.

"Imma, mwanangu," Gerlint alinong'ona.

"Imma katoka kidogo," sauti ya kiume ikajibu kinywani mwa mtoto. "Yule bibi alinibana mle ndani miaka ishirini. Nyie mkanifungulia, tena mkiwa mmepiga magoti."

Padri Ratbold akaja na maji ya baraka, na yule mtoto wa miaka tisa akamkamata mkono, akamvunja vidole kimoja kimoja huku akimwangalia usoni, na nyumba ikajaa harufu ya nywele zilizoungua, na Gerlint akakumbuka maneno ya Ruothild kila siku dirishani: usiniombee nitoke, niombee nisitoke.

Akalinyakua jiwe, akakimbia. Imma akaanguka chini, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Kilichokuwa ndani yake kikamfuata mama na jiwe lake, kikamng'oa sikio njiani, kikamvunja mbavu, naye hakuliachia jiwe mpaka akaingia chumbani mwa marehemu.

"Jenga, Baba," alimwambia Padri Ratbold aliyemfuata mbio.

"Gerlint, wewe si mtawa. Una mtoto."

"Ndiyo maana nakwambia jenga. Mkono wako uliobaki mzima unatosha."

Watu wakarudisha mawe, wengine wakilia kwa aibu. Likabaki tundu la kupitishia mkate.

Siku ya kumi Imma alileta mkate, akamkuta bikizee mmoja amepiga magoti, anakwangua chokaa kwa kisu. Ndani, Gerlint alikuwa akipiga mayowe.

"Acha, bibi, nakuomba," Imma alisema.

"Nyamaza, mtoto," bikizee akanong'ona, machozi yakimtoka. "Humsikii mtakatifu wetu? Anatuombea."

Akaendelea kukwangua.