Mgeni wa Namba Kumi na Nane

Haya yalimpata dada yangu Salome, hapa Mtama, mwaka 2004. Wakati huo nilikuwa nakaa kwake. Mengine niliyaona mwenyewe. Mengine alinieleza yeye, mara moja tu, na hakutaka kurudia.

Jumatatu ile ilianza kama siku nyingine. Salome alikunywa chai na muhogo wa kuchemsha, akaniachia ufunguo, akaenda kazini. Miaka hiyo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua korosho, na mmoja wao, Mzee Gregori, alikuwa na ghala dogo ambalo hakulitumia tena. Alilipaka chokaa, akaleta kompyuta za mitumba kutoka Dar es Salaam, akaweka jenereta nje, akamwajiri dada yangu afundishe. Salome alikuwa amesoma kozi ya miezi sita Mtwara. Wanafunzi walikuwa wanane, na kila mmoja alikuwa na mashine yake.

Mimi niliwapelekea uji saa nne, mtoto wangu mgongoni, kisha nikakaa karibu na mlango kungoja vikombe. Ndivyo nilivyolisikia somo.

Salome aliwaambia kwamba kompyuta zikiunganishwa pamoja, kila moja lazima iwe na namba yake. Mbili zikiwa na namba moja, zinagombana. Mtu anaweza kuziandikia namba kwa mkono, moja moja, lakini yeye alikuwa ameiandaa mashine iliyokuwa mezani kwake izigawie yenyewe. Mashine hiyo waliiita seva, na kazi ya kugawa namba namna hiyo wataalamu wanaiita DHCP. Mashine ya mwanafunzi ikiwashwa, inauliza kwenye waya kama kuna wa kuipa namba. Seva inaiazima namba kwa saa nane, inaandika mstari kwenye orodha. Muda ukiisha, namba inarudi.

Salome alikuwa ameipa seva namba nane tu za kugawa, kuanzia kumi na moja hadi kumi na nane.

"Mwalimu, mbona umetubania?" Klementi aliuliza. Huyo alikuwa mchekeshaji wa darasa.

"Mko wangapi?"

"Wanane."

"Basi zinatosha. Nikiacha za ziada, kesho utaniletea na mjomba wako."

Wakacheka. Salome akasema, "Chukulieni hivi. Mashine ikiwashwa, inapiga hodi. Seva ndiye mwenye nyumba." Akakigeuza kioo cha seva kiwaelekee. Mashine ya kwanza ikawashwa, mstari ukatokea, na Klementi akapaza sauti, "Karibu!" Ya pili ilipoingia, darasa zima likaitikia naye. Mpaka ya nane walikuwa wanapiga na makofi.

Hata mimi nilicheka. Lakini kwetu mtu hasemi karibu kabla ya kumjua anayepiga hodi. Unauliza kwanza, nani? Mama yetu alituchapa kwa jambo hilo. Pale darasani hakuna aliyeuliza. Ulikuwa mchezo tu.

Jumanne Dativa alichelewa. Dativa alikuwa binti wa jirani yetu, mtoto pekee wa Rosalia, na kila mtu alimwita Rosalia Mama Dativa. Siku hiyo mama yake alikuwa amemtuma mashine ya kusaga. Kompyuta yake, ya mwisho kule ukutani, ilikuwa imezimwa.

Wakawasha saba. Wakasema karibu mara saba. Salome akageuka kuandika ubaoni.

Nyuma yake darasa likasema, "Karibu!"

"Nani amewasha ya Dativa?" Salome aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna, mwalimu," Klementi alisema. "Mstari umetokea tu."

Salome akaja kutazama. Nami nilikuwa pale na vikombe, nikatazama. Mistari saba ilikuwa na majina ya mashine. Wa nane ulikuwa na namba kumi na nane, na pale penye jina palikuwa peupe. Pembeni yake huandikwa namba ya kuzaliwa ya mashine, ile ambayo kiwanda huipa na haifanani na ya nyingine. Yote ilikuwa sifuri.

Dativa aliingia, vumbi la unga kwenye nywele, akaomba radhi. Akawasha mashine yake. Ikatafuta. Ikatafuta sana. Ikaandika kwamba haijapata namba.

"Kaa na Klementi kwa leo," Salome alimwambia.

Alidhani kuna mtu amevuta waya kwa siri. Akafuata nyaya zote kwa mkono, kutoka kwenye kila meza hadi kwenye kisanduku kilichoziunganisha. Zilikuwa nane za wanafunzi na moja ya seva. Akaufuta ule mstari. Ukarudi kabla hajatoa mkono. Akaizima seva, akaiwasha. Mstari wa kwanza kurudi ulikuwa ule usio na jina.

Safari hiyo hakuna aliyesema karibu.

Wanafunzi walipoondoka, Salome alichomoa nyaya zote kwenye kile kisanduku. Kila tundu lina taa yake ndogo, na taa huwaka kama kuna mashine upande wa pili. Zote zikazimika isipokuwa moja. Tundu lilikuwa tupu, na taa yake ilikuwa inapepesa. Salome akaweka kidole kwenye tundu.

Aliniambia lilikuwa na joto. Aliniambia lilikuwa na unyevu, kama mdomo.

Jumatano asubuhi nilikwenda kisimani. Mama Dativa alikuwepo, ndoo yake imejaa na maji yanamwagika. Mwanamke mmoja akamwita, "Rosalia! Maji yanapotea!"

Kwa miaka kumi na tisa, tangu Dativa azaliwe, hakuna aliyemwita hivyo. Naye aliitika bila kushangaa.

Naona haya kuandika hili linalofuata. Nilipofika ghalani na uji, Dativa alinisalimia mlangoni. Nilisikia kitu, nikadhani ni bawaba. Nikampita. Nikagawa vikombe saba, na nikaona vimetosha.

Dativa alimfuata Salome baada ya somo. Akasimama mbele yake muda mrefu.

"Mwalimu, unanisikia?"

Salome alisema ilimlazimu akaze macho, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Nakusikia."

"Nimemwamkia mama shikamoo mara tatu. Haitikii. Hajakasirika, mwalimu. Ananipita tu."

Siku hiyo Salome alijaribu yote aliyofundishwa. Aliiandikia mashine ya Dativa namba kumi na nane kwa mkono. Ikakataa, ikaandika kwamba namba hiyo ina mtu. Akaiagiza seva iitunze namba hiyo kwa ajili ya mashine ya Dativa peke yake. Seva ikakataa. Akapunguza muda wa kuazima uwe dakika moja, ili namba irudi mikononi mwake. Dakika ikapita. Mstari ukaongezewa dakika nyingine. Kisha nyingine. Yule aliyekuwa nayo alikuwa anaomba tena kila mara, bila kuchoka, sekunde chache kabla ya muda kuisha.

Alhamisi Salome aliita majina. Saba. Akafunga daftari. Hakuona upungufu wowote.

Alipotafuta ukurasa mtupu akaona mwandiko wake mwenyewe: *18, Dativa*. Akausoma mara mbili. Hakujua ni nani.

Akawauliza, "Dativa ni nani?"

Wakatazamana. Klementi akatikisa kichwa.

Salome akatazama nyuma, kule ukutani. Kwanza aliona kiti. Halafu akaona mikono juu ya meza. Akaendelea kutazama. Machozi yakamtoka kwa kukaza macho. Polepole akamwona msichana amekaa mbele ya kioo cheusi.

Akawaambia wengine watoke. Mimi nilibaki mlangoni. Nilimwona dada yangu anapiga magoti kando ya kiti kitupu na kunong'ona. Nilitaka kukimbia nikamwite mtu. Kisha nikasikia sauti ikimjibu, nyembamba, kama inatoka chumba cha pili.

"Mwalimu, jana mama alikuwa anagawa nguo zangu kwa watoto wa jirani. Alikuwa anacheka. Alisema hajui zilifikaje ndani kwake."

"Nisikilize," Salome alisema. "Namba yako siwezi kumnyang'anya. Naweza kuongeza moja. Ziwe tisa."

"Ongeza."

"Nikiongeza, nimemkubali. Hatatoka tena."

"Mwalimu."

"Sijui ni nani, Dativa. Sijui anataka nini."

"Nani?"

"Huyo aliyeingia."

"Hapana," ile sauti ilisema. "Umesema jina. Jina gani hilo?"

Salome akainuka, akaenda mezani kwake. Akakosea mara mbili. Pale palipoandikwa kumi na nane akaandika kumi na tisa. Akahifadhi. Akarudi mbio, akabonyeza swichi ya mashine ya ukutani.

Ikatafuta.

Jenereta ikapungua nguvu nje. Taa zikafifia. Nilimwona Salome anashika kitu hewani kwa mikono miwili, kama anamshika mtu mabega.

Ikatafuta.

Mstari wa tisa ukatokea. Kumi na tisa. Chini yake paliandikwa jina la mashine ya Dativa.

Na Dativa alikuwa pale. Amekaa, mabega yake mikononi mwa dada yangu, amelowa jasho. Klementi akachungulia dirishani. "We Dativa, umeingilia wapi? Leo tena umechelewa!"

Dativa alilia mpaka akakosa sauti. Nilimpa kikombe changu cha uji. Tulipokuwa tunamsindikiza nyumbani, mama yake alitokea njiani anahema, anaita jina lake, anauliza kwa nini nguo zake ziko kwa majirani. Dativa akasema, "Shikamoo, mama." Mama akasema, "Marahaba, mwanangu." Akamwambia aseme tena. Akaitikia tena.

Salome hakurudi kufundisha. Alimwambia Mzee Gregori anaumwa macho, na haikuwa uongo. Mashine ziliuzwa Masasi kabla ya mwezi kwisha. Yale yote yaliyokuwa ndani ya seva aliyafuta mwenyewe.

Wiki mbili baadaye tulikwenda kumjulia hali Mama Dativa, mchana, baada ya chakula. Alitupokea kwa furaha, akatutandikia mkeka barazani. Dativa akaleta karanga. Mama akamshika mkono.

"Huyu ndiye furaha yangu," alisema. "Huyu wangu wa pili."

Salome aliacha kutafuna.

"Wa pili, mama?"

"Ndiyo. Wa kwanza yumo ndani amejipumzisha. Huyo si mtu wa kukaa na wageni, msimlaumu."

Dativa alikuwa anatazama chini. Nilimtazama, naye akatikisa kichwa kidogo sana, ili mama yake asione. Salome akanibonyeza goti tuondoke. Lakini mtoto wangu alikuwa na kiu, na mama akaniambia nipite ndani, mtungi uko ukumbini.

Mlango wa chumba cha Dativa ulikuwa wazi. Palikuwa na vitanda viwili. Cha Dativa kilikuwa wazi, shuka limekunjwa. Kile kingine kilikuwa kipya, cha kamba, na chandarua kimeshushwa. Chandarua hicho kilikuwa cheupe na chepesi, niliona mpaka ukutani. Hapakuwa na mtu.

Nilisogea hatua moja. Pindo la chandarua lilikuwa limechomekwa chini ya godoro pande zote nne, kwa uangalifu, bila kuacha nafasi hata ya mbu mmoja. Nilitazama mikunjo yake. Ilikuwa imechomekwa kutokea ndani.