Kikombe cha Pili

Kikombe cha pili kilikuwa kimekauka tena.

Hamira akakipindua, akacheka. "Panya wa siku hizi wanakunywa chai!" Panya gani, jamani, wa kumaliza chai asiangushe hata kijiko?

Jina la Hamira alipewa na wenzake wa zamu ya mchana kwa kejeli, maana alikuwa mwembamba kama ufito, yeye mwenyewe hajawahi kuumuka. Usiku alioka mikate peke yake. Upweke ukamfundisha mzaha mbaya: kila akichemsha chai, alimimina vikombe viwili, akakitazama kigoda kitupu kando ya tanuri, akasema, "Karibu, mke wangu." Mtu mzima na akili zake! Usiku humkaribishi usiyemwona. Lakini nani angemwonya? Hakuwa na mtu.

Usiku huo mvua ilinyesha ya kumwaga, mlango ukagongwa.

"Hodi! Kaka, nisitiri na mvua. Mimi muuguzi, natoka zamu."

"Karibu, dada. Pita kwenye joto."

Kigoda kilikuwa hicho hicho kimoja, akamkalisha. Akamimina chai, akampa kile kikombe cha pili. Wakaongea, wakachekeshana. Muuguzi akasema, "Wagonjwa wote nawaambia lala salama. Mimi hakuna anayeniambia."

"Basi nitakuambia mimi."

Muuguzi akanyoosha kidole, akampangusa unga kwenye nyusi, taratibu. Sifichi: hapo hapo Hamira alipenda.

"Kesho nipite?"

"Pita. Na keshokutwa pia."

Ndipo harufu ya mkate ikakatika, ikaja ya waridi lililooza. Moto wa tanuri ukanywea.

"Kaka," muuguzi alinong'ona, "kuna mtu kanishika shingo."

Hamira alikuwa ameshika sinia kwa mikono yote miwili. Akaona alama za vidole vitano vya unga zikijichora shingoni mwa yule dada, moja baada ya nyingine, zikididimia nyamani, na kabla hajapata pa kupeleka macho pumzi baridi ikamgusa sikio, na ndani ya pumzi ile sauti ya kike, laini, ya mtu aliyezoea kuongea naye kila siku, ikamwambia, "Umenikaribisha mwenyewe, nikaja, nikakaa, nikanywa chai yako, na leo unamkalisha huyu mahali pangu?"

"Mwachie," Hamira alinong'ona. "Nakuomba. Hana kosa."

"Mfukuze wewe. Kwa kinywa chako."

Akatupa sinia, akataka kumshika mkono watoke wote wakimbie, lakini miguu ikagoma sakafuni kama si yake, akajaribu kuomba dua na ulimi ukalala, huku muuguzi akikoroma, macho yamemtoka, akimtazama yeye tu.

"Toka!" Hamira akapaza sauti.

Vidole vikalegea. Muuguzi akavuta pumzi. "Kaka... umeona?"

"Sijaona kitu! Nani alikuita hapa? Toka!"

Miguu ikafunguka, ikamruhusu kumsukuma nje kwenye mvua na kufunga komeo, basi. Akaegemea mlango, akilia kimya kimya.

Muuguzi hakuondoka. "Kaka, unatetemeka, nimekuona. Kuna nini humo ndani? Fungua, twende wote."

Twende wote. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Hamira akafumbua mdomo amjibu ndiyo, usiniache. Kinywani mwake ikatoka sauti ya kike.

"Nenda zako, mwenzangu. Mume wa mtu sumu."

"Kumbe una mke!" muuguzi akasema, sauti imevunjika. "Na ukanikalisha, ukanichekesha. Mwongo mkubwa wewe!"

Hamira alisikia viatu vyake vikikanyaga madimbwi, vikienda mbali. Akanyoosha mkono kwenye komeo. Mkono ukakataa, miguu ikamrudisha mezani, na mikono yote miwili ikaanza yenyewe kukanda unga.