Mtu Aliyeonekana Ndani ya Mtutu

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zote za Julai huku Mwanda, milimani. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu alfajiri, kuku wamejikunyata chini ya ghala, na Mama Mdogo Elsie alikuwa ameenda sokoni Wundanyi na kabichi zake. Nilibaki nyumbani na Baba Mdogo Silvanus.

Ninaishi kwake tangu nilipoachia shule kidato cha pili, mwaka ule Baba alipokufa. Baba aliteremka nyikani kutafuta ndama aliyepotea, akarudishwa ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari. Tuliambiwa ni tembo. Tuliambiwa tusifungue.

Baba Mdogo alikuwa fundi wa silaha kwenye polisi mpaka akastaafu. Kibali anacho, na chumba chake cha kazi kiko nyuma ya jikoni: meza ndefu, dirisha moja, harufu ya mafuta ya mashine. Ranchi za huko chini humletea bunduki zao kuukuu. Yeye hufungua, mimi hupangusa vyuma na kuvipanga juu ya kitambaa cheupe, kila kimoja kwa zamu yake, ili wakati wa kurudisha asikosee.

Ana desturi moja. Kabla ya kugusa skrubu humwuliza aliyeileta bunduki kama imewahi kumwaga damu ya mtu. Ikiwa imewahi, mwenyewe hupewa kikombe cha maji. Anajaza mdomo, anayarusha nje ya mlango, pruu, halafu anasema wazi kilicho moyoni mwake. Sisi Wadawida, ambao wengine hutuita Wataita, huiita desturi hii kutasa. Hasira ikikaa kifuani bila kutemwa, wazee husema, hutafuta njia yake yenyewe ya kutoka.

Siku hiyo alikuja Mwangangi, askari wa ranchi moja ya upande wa Maungu. Mkamba mrefu, mcheshi, koti lake limelowa ukungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea mgonjwa gani?"

"Huyu bibi kizee hapa. Ukimvuta anakwama katikati kama punda wa Kibwezi."

Aliiweka mezani. Ilikuwa bunduki ya zamani, ile ambayo chini ya mtutu ina mkono wa mbao. Unauvuta nyuma, unausukuma mbele, kra-chak, risasi inaingia. Mbao yake ilikuwa nyeusi kwa jasho la viganja vya watu.

Baba Mdogo akauliza swali lake. Mwangangi akacheka.

"Ai, mzee! Nyinyi Wataita na mate yenu! Hii haijaua hata sungura. Na si juzi tu wamekufanya mzee wa kanisa? Pasta akisikia bado unatemesha watu maji, atasema nini?"

Baba Mdogo aliona haya. Nilimwona akikitazama kikombe, kisha akakirudisha rafuni kikiwa kikavu.

Mwangangi akaenda kunywa chai dukani. Alicheka mpaka mlangoni, lakini bunduki hakuitazama hata mara moja.

Baba Mdogo alihakikisha haina risasi. Akaingiza kidole, akahakikisha tena. Kisha akaifungua pole pole, kama kawaida yake, akipiga mluzi wa nyimbo za kanisa. Springi. Pini. Mkono wa mbao. Mtutu. Mimi nikavipanga kwenye kitambaa.

"Shantel, shika huu mtutu. Elekeza dirishani uniambie kama kuna kutu."

Niliweka jicho. Nje ya dirisha hapakuwa na kitu ila ukungu, mweupe kama maziwa. Lakini ndani ya mtutu kulikuwa na jua.

Niliona nyika. Ardhi nyekundu, vichaka vikavu, na joto likichezacheza juu ya nchi. Mbali, mdogo kama sisimizi, mtu alikuwa akitembea, ametupa mgongo.

"Kuna kutu?"

"Kuna mtu," nilinong'ona.

Baba Mdogo alicheka kidogo, akauchukua, akafumba jicho moja. Mluzi ulikuwa umekatika.

"Sweta," alisema. "Amevaa sweta ya kijani."

Niliijua sweta hiyo. Mama Mdogo ndiye aliyeifuma. Baba aliondoka nayo asubuhi ile alipokwenda kumtafuta ndama.

Aliuweka mtutu chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Na hapo, juu ya kitambaa, mkono wa mbao ambao haukuwa umeshikana na kitu chochote ulirudi nyuma wenyewe.

Kra.

Ukaenda mbele.

Chak.

"Usikimbie," Baba Mdogo alininong'oneza. "Angalia tena. Wewe ndiye mwanawe."

Nilitazama. Mtu yule alikuwa amesimama. Alikuwa amegeuka. Alikuwa karibu zaidi, na ni Baba. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini sauti haikuja. Kifuani, sweta ilikuwa na tundu.

Tembo hatoboi hivyo.

Nilitaka kuondoa jicho langu. Halikuondoka. Baba alikuja. Akaja. Akaujaza mtutu wote, mpaka jua likazimika na ndani kukawa giza tupu.

Kisha giza lile likapepesa, kama jicho.

Niliuachia. Ulianguka mezani kwa kishindo, na wakati huo huo mlango ukafunguka. Nilipiga kelele. Alikuwa ni Mwangangi, mdomo bado una makombo ya mandazi.

"Kwani kumekuwaje? Bibi kizee amewauma?"

Baba Mdogo aliuokota mtutu, akampa.

"Angalia mwenyewe."

Mwangangi aliangalia akitabasamu. Tabasamu likabaki usoni hata baada ya macho yake kubadilika. Akapiga magoti, hivyo hivyo, kwenye simenti.

"Nilidhani ni mwindaji wa nyama," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikuwa ameinama kichakani. Nilipiga mara moja tu, mzee. Nilipofika nikakuta ameshika kamba ya ng'ombe. Nikaogopa. Palikuwa na nyayo za tembo hapo karibu... nikamburuta mpaka huko."

Kra, ilisema mbao mezani. Chak.

"Huyu binti ni mtoto wake," alisema Baba Mdogo.

Mwangangi hakuweza kunitazama. Baba Mdogo alijaza kikombe, akampa. Mkamba yule aliyetucheka asubuhi alijaza mdomo, akarusha maji nje ya mlango, akasema yote kwa sauti, jina la Baba, mahali, na alivyomburuta. Alilia kama mtoto.

Nilidhani imekwisha.

Kra. Chak.

Mwangangi aliruka, akakimbia. Ukungu ulimmeza kabla hajapita ghala. Tulisikia tu viatu vyake vikiteremka njia ya mtoni.

"Yeye amesema yake," Baba Mdogo alisema haraka. "Imebaki hasira yako. Iko kwako, Shantel, siyo kwenye chuma. Tema! Sema huna kitu naye. Upesi, kabla hajafika bondeni!"

Alinipa kikombe. Nilijaza mdomo. Nilisogea mlangoni. Nilitaka kutema, Mungu ananiona, nilitaka. Sikutaka mtu afe. Lakini niliona lile sanduku. Niliona misumari. Nilisikia wale watu wakituambia tusifungue.

Maji yalishuka kooni. Nilimeza.

"Tena!"

Nilijaza tena. Nikameza tena.

Mlio wa bunduki ulitoka bondeni. Mmoja tu. Mlima wa Vuria ukaurudisha, halafu hata kuku wakanyamaza.

Tuligeuka wote wawili. Juu ya kitambaa kila chuma kilikuwa mahali pake, springi, pini, mbao, hakuna kilichoshikana na kingine. Kwenye mdomo wa mtutu moshi mwembamba ulikuwa unapanda.

Vijana walimkuta Mwangangi kando ya mto. Hakuwa na jeraha hata la mwiba. Hospitalini walisema ni moyo. Polisi waliichukua bunduki ikiwa vipande kwenye gunia, wakashangaa kwa nini hatukutaka kuvigusa vyuma vitupu.

Jioni Mama Mdogo alinipashia maji ya kuoga. Nilipovua blauzi alishika mdomo wake.

"Mwanangu, nani amekupiga?"

Begani kulikuwa na alama ya buluu iliyoiva, pana juu na nyembamba chini. Baba Mdogo aliitwa. Alisimama mlangoni na taa, akaitazama, na alijua mara moja, kwa kuwa ameona mamia ya hizo kwenye mabega ya makurutu. Ni pale kitako cha bunduki kinapokupiga inapolia.

"Lakini ni bega la kushoto," alisema pole pole. "Na wewe unatumia mkono wa kulia."

Katika ukoo wetu mzima, aliyetumia mkono wa kushoto ni Baba peke yake.