Mzizi Ambao Atsaq Hakuujua

Kila alasiri baada ya masomo, Atsaq alipita kwa Bibi Panruk kabla ya kwenda kwao. Alimwaga maji machafu, akaingiza kuni, akafagia mchanga ulioletwa na viatu vya wageni. Kisha wawili hao walikaa karibu na jiko, wakachovya samaki mkavu katika mafuta ya sili, yule mnyama wa baharini, na kula huku wakiutazama mto.

"Dada, umechelewa," Panruk alimwambia siku moja. "Umesimama njiani kupiga soga. Nakujua wewe, ndiyo tabia yako tangu zamani."

"Mdogo wangu, nilikuwa na mtihani wa hesabu!" Atsaq alijibu, akacheka.

Kijijini kwao, huko kaskazini kwenye barafu, hakuna aliyeshangaa kusikia kikongwe akimwita msichana wa miaka kumi na mitatu dada. Atsaq alizaliwa baada ya dada wa Bibi Panruk kufariki, akapewa jina lake, na anayepewa jina la marehemu hupewa na nafasi yake. Marehemu huyo alisifiwa kwa usemi. Watu walikuwa wakisema hakuna neno la Kiyup'ik, lugha yao, lililomshinda. Atsaq alipenda sana kusikia sifa hizo, akaona kama zinamhusu yeye.

Majira hayo ya vuli alikuwapo mgeni kijijini, Bi Noreen, mtaalamu wa lugha kutoka chuo kikuu. Alikuwa akirekodi maneno ya wazee kuhusu vyakula vya nyikani. Kiyup'ik alikielewa kidogo tu, na Panruk alisema haraka kama maji ya mto yanayoshuka. Kwa kawaida mama mdogo wa Atsaq ndiye aliyemtafsiria, lakini alikuwa amepanda ndege kwenda mjini kujifungua.

"Nani atanisaidia sasa?" Bi Noreen aliuliza.

"Mimi," Atsaq alisema upesi. "Nakijua Kiyup'ik chote."

Panruk alimtazama kwa jicho la pembeni. "Chote? Haya, tutaona."

Wakaanza. Bi Noreen aliweka kinasa sauti mezani, naye Panruk akaeleza habari za mizizi ambayo panya wa nyikani huiweka akiba chini ya ardhi. Watu huitafuta ghala hiyo kwa kukanyaga majani taratibu mpaka pabonyee. Huchukua sehemu tu, na badala yake humwachia panya vipande vya samaki, kwa kuwa naye ana watoto na majira ya baridi yako mbele. Atsaq alitafsiri vizuri kwa lugha ya mgeni, ambayo Panruk hakuielewa, akahisi kifua kinapanuka.

Ndipo Panruk akataja mzizi mmoja kwa jina ambalo Atsaq hakuwahi kulisikia. Akaongeza maneno mawili matatu, nayo yakampita. Kisha bibi akapeleka vidole mdomoni, akafumba macho, akalaza kichwa nyuma.

"Anasemaje?" Bi Noreen aliuliza.

Angesemaje kwamba hajui, yeye mwenye jina la yule bingwa? Akayatazama yale macho yaliyofumbwa. Bila shaka ulikuwa utamu.

"Anasema huo ndio mtamu kuliko yote," alijibu. "Hauhitaji hata kupikwa."

Bi Noreen alishukuru, wakaendelea.

Siku chache baadaye, Atsaq alimkuta binamu yake mdogo, Kuvluk, akirukaruka kwenye njia ya mbao nje ya shule.

"Kesho darasa letu linakwenda kuchimba chakula cha panya!" mtoto alisema. "Bi Noreen amekuja leo kutusomea majina. Kuna mmoja unaliwa mbichi, mtamu kama peremende! Mimi nitauona wa kwanza, na sitampa mtu!"

"Acha ulafi, wewe," Atsaq alisema, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba.

Alikwenda zake, akarudi, akasimama. Labda kweli ulikuwa mtamu. Na kama sivyo? Aliwaza kumwambia Kuvluk asile, basi yaishe. Lakini darasa lilikuwa na watoto wengi, na kila mmoja ana mdomo wake.

Jioni ile wanawake walikuwa kwenye kibanda cha kuogea mvuke. Atsaq aliingia, akakaa karibu na Panruk. Mvuke ulipopanda kutoka kwenye mawe ya moto, akainama.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "lile neno la siku ile, la mzizi. Ulipofumba macho. Lina maana gani?"

Panruk alifuta jasho machoni. "Si ulimtafsiria mgeni?"

Atsaq akajifunika uso kwa mikono.

"Dada, huo ni sumu," Panruk alisema polepole. "Ukiupasua, ndani una vyumba vyumba. Panya huuchanganya na mizizi mizuri, nasi huutupa. Nilikuwa nikimwonyesha mtu aliyeula: povu mdomoni, halafu anaanguka, haamki. Wewe ulisema nini?"

"Nilisema ni mtamu," Atsaq alisema, machozi yakichanganyika na jasho. "Sikujua, na niliona aibu kusema sijui. Watu wanasema marehemu hakushindwa na neno."

"Nani kakudanganya? Marehemu alituchosha kwa maswali! Alimfuata mama mpaka kwenye mtumbwi: hiki ni nini, kile kinaitwaje. Ndivyo alivyoyajua. Sasa vaa nguo, uende. Hili hatulilazi hadi kesho."

Atsaq alikwenda mbio, nywele bado zina maji. Bi Noreen alikuwa akipika chai katika chumba alichopewa shuleni. Atsaq hakuzungusha maneno.

"Nilikutafsiria uongo. Ule mzizi mtamu ni sumu. Bibi alisema ni sumu, mimi ndiye sikuelewa, nikabuni."

Bi Noreen alizima jiko. Rangi ilimtoka usoni. Hakugomba. "Njoo," alisema, wakaenda kwa mwalimu wa Kuvluk, kisha nyumba kwa nyumba kwa wazazi wa watoto wote. Kila mlangoni Atsaq alisema mwenyewe alichokifanya. Mama yake Kuvluk alimvuta mwanawe karibu naye. Kisha akasema, "Heri umekuja leo."

Safari ya darasa haikufutwa, ila Panruk alikwenda nayo, amekaa nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne kama malkia. Ghala ya kwanza ilipofunguliwa, akachambua mizizi kiganjani. Akautoa mmoja, akaupasua kwa kisu chake, akawaonyesha watoto vile vyumba vya ndani. Kuvluk akaficha mikono nyuma ya mgongo.

Juma lililofuata walikaa tena watatu, wakasikiliza rekodi zote tangu mwanzo.

"Neno hili?" Bi Noreen aliuliza.

"Hili silijui," Atsaq alisema. Mara ya kwanza shingo yake iliwaka moto. Mara ya nne hakusikia chochote ila hamu ya kujua. Panruk alieleza kila moja, ila kwa neno moja la zamani alilolikariri tu kutoka kwa mama yake alikuna kichwa, akasema, "Hata mimi hili silijui. Tutamuuliza mzee wa kijiji cha chini mtoni."

Walipomaliza, Panruk alimshika Atsaq mkono.

"Nisikilize. Neno ukilitoa kinywani, si lako tena. Mwenzako analipokea, analiamini, analiweka tumboni. Kusema 'sijui' kunakuachia aibu, nayo hupoa kabla ya chai. Lakini ukisema usichokijua, wewe unabaki na sifa, na mtoto wa mtu ndiye anayekula sumu."